Vanishi inabambuka na ubao unabonyea: nianzie wapi kabla ya masika?

SWALI: Fundi, nyuma ya nyumba yetu hapa Milimani, Kisumu, tuna baraza la mbao za saiprasi lenye miaka 4. Mwaka jana lilipakwa vanishi. Sasa vanishi inabambuka, mbao zimegeuka kijivu na nyeusi pembeni, mvua ikinyesha panateleza, na ubao mmoja karibu na ngazi unabonyea ukiukanyaga. Nimesoma kwamba matengenezo haya hufanywa majira ya kuchipua. Huku kwetu ni lini hayo? Jirani naye ananiambia nipake oili chafu ya gari, eti mchwa hawatagusa. Nifanye nini?

JIBU: Mama, kabla hujanunua kopo lolote, shughulikia huo ubao unaobonyea. Vanishi iliyobambuka inachukiza macho tu. Ubao wa karibu na ngazi unaweza kumvunja mtu mguu.

Chukua bisibisi bapa, uichome kwenye ubao huo kwa nguvu za mkono. Mbao nzima huikataa ncha, na ukiibenua hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza huipokea kama mkate, kisha hukatika vipande vifupi visivyo na nyuzi. Choma vichwani mwa ubao na kandokando ya misumari, maana maji huingilia huko. Halafu ung'oe ubao wenyewe uchome boriti iliyo chini yake. Hapa ndipo mafundi wengi hukatiza kazi, wanabandika ubao mpya juu ya boriti iliyokwisha kuoza, na baada ya mwaka mwenye nyumba anaita fundi mwingine.

Nimefungua mabaraza mengi hapa mjini, na chini yake nakuta mambo yaleyale: majani ya mwembe yamejazana, udongo umepanda hadi kugusa boriti, hewa haipiti. Kuvu inayoozesha mbao haiwezi mbao kavu. Inataka unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na joto la Kisumu inalo tayari mwaka mzima, kwa hiyo kitu pekee unachoweza kuinyima ni maji. Zoa majani, chimba udongo mpaka uone mwanga chini ya boriti, na maji ya paa yaelekezwe mbali. Ukikuta vijia vya udongo vimepanda kwenye nguzo, hao ni mchwa. Vibomoe, urudi kutazama baada ya siku chache. Vikijengwa tena, ita mtu wa dawa kabla ya kuendelea.

Ubao mpya usiusonge na wenzake. Sisi hupima kwa msumari wa inchi 4: ukipita kati ya ubao na ubao, maji yatashuka na hewa itapanda. Ufunge kwa skrubu zisizoshika kutu. Na kila ulipokata kwa msumeno, paka dawa ya mbao mara mbili kabla ya kufunga, maana kichwa cha ubao hunywa maji kuliko uso wake.

Kuhusu majira: ya kuchipua ni ya Ulaya na Marekani, ambako mbao hutoka kwenye theluji. Sisi tunafuata mvua. Masika hushika Machi hadi Mei, basi kazi hii ni ya Januari na Februari. Hata miezi hiyo ziwa hutuletea mvua ya alasiri bila taarifa, kwa hiyo panga kupaka asubuhi, umande ukishakauka. Niliwahi kupaka vanishi baraza moja kule Nakuru mwezi wa Aprili. Jua lilikuwa limewaka asubuhi, uso wa mbao ukaonekana mkavu, nikaamini. Kufikia Agosti ilikuwa imeinuka malengelenge, na nililazimika kuikwangua yote kwa gharama yangu.

Ndiyo sababu sikushauri upake vanishi tena. Vanishi ni ngozi juu ya mbao. Mbao inavimba kwa mvua na kunywea kwa jua, ngozi inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Ikwangue yote, kisha piga msasa namba 60, umalizie na 80, ukifuata nyuzi, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Ule ukijivu si uozo, ni uso ulioliwa na jua, nao utaondoka na msasa. Weusi unaoteleza ni ukungu na mwani: sugua kwa maji ya sabuni na brashi ngumu. Mashine ya kuoshea magari iache, inachana nyuzi za saiprasi.

Acha pakauke siku 2 au 3 za jua, kisha dondosha matone ya maji. Yakinywewa upesi, mbao iko tayari. Paka mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo ya kuzuia jua na dawa ya ukungu. Paka membamba, na baada ya dakika 15 au 20 pangusa yaliyobaki juu. Linsidi tupu, yaani mafuta ya mbegu za kitani yasiyochanganywa na kitu, siipendi kwa hali ya hewa ya ziwani, ukungu huila.

Oili chafu, Mama, nakusihi usiipake. Najua nguzo nyingi za ua hupakwa. Lakini oili hiyo ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, hainywewi yote, na itashika kwenye nyayo za watoto. Mvua ikija inashuka nayo hadi ziwani. Na siku utakayotaka kupaka kitu kingine, hakitashika.

Matambaa uliyopangusia mafuta usiyarundike kwenye stoo. Yanapashana joto yenyewe mpaka yawake moto. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.