Mwisho wa utepe wa usukani: uzi, si gundi

Kama utepe wa pamba uliozungushiwa usukani wa baiskeli unafumuka pale juu, karibu na shina la usukani, gundi haitakusaidia. Ufunge kwa uzi. Zungusha utepe kuanzia ncha ya chini kupanda juu, kila mzunguko ukilalia sehemu ya uliotangulia, ili viganja visifunue kingo zake. Mwisho ukate mshazari. Kunja uzi wa katani uwe kitanzi, ulaze juu ya utepe, kisha uzungushie kwa kuubana, sentimita 2 hivi. Pitisha ncha uliyokuwa ukizungushia ndani ya kitanzi, vuta ile nyingine mpaka kitanzi kizame chini ya mizunguko, kata mabaki. Hakuna fundo linaloonekana. Kwa baiskeli ya zamani napenda sana umaliziaji huu.

Halafu paka utepe shelaki, yaani vanishi ya utomvu, iliyoyeyushwa kwa spiriti, mipako 3 au 4 myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Rangi itakolea, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha utepe kilichobaki. Mikono ya breki iwe imeshakaa mahali pake kabla ya kuanza kufunga utepe, tafadhali, la sivyo utafumua kila kitu.