Usiamini Namba ya Ubavuni: Niliyojifunza kwa Kukarabati Dakota

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Myanmar ya leo) na kikosi cha 36 cha KAR, kikosi cha watu wa Tanganyika, na begani alivaa beji ya kifaru ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Habari za kupigana hakuzisema sana. Alichopenda kusimulia ni bonde la Kabaw: mvua isiyokatika, malori yamezama topeni, chakula hakifiki kwa barabara, halafu zinakuja eropleni za injini mbili, chini chini, kuwamwagia magunia. Mchele ulifungwa gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Siku moja likaja gunia la chumvi likapasukia kwenye mwamba, na askari wakapanga foleni kulamba jiwe. Hapo babu alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Eropleni hizo zilikuwa Dakota. Kwa hiyo nilipohamia Uingereza kwa kazi ya ufundi wa mabasi, nikasikia kuna banda jirani ambako wastaafu wanakarabati Dakota kila Jumamosi, sikungoja kuitwa mara mbili. Huu ni mwaka wangu wa sita. Vijana wa nyumbani huniuliza mtu anaanzia wapi kazi ya namna hii, au anaitafutaje historia ya ndege ya kijeshi ya zamani. Naanza na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha.

Ubavuni mwa ndege yetu kulikuwa na namba ya jeshi la anga la Uingereza, herufi mbili na tarakimu tatu, imepakwa vizuri kabisa. Wiki ya kwanza tu niliitafuta kwenye orodha nikakuta ndege yenye namba hiyo ilitumika Bama. Sikulala. Nilimpigia baba mdogo Tabora usiku uleule, na kufika asubuhi ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba nimeipata ndege iliyomlisha babu. Nilishaanza hata kuandika maneno ya ubao wa kuwekwa mbele ya wageni.

Miezi minne baadaye nikapewa kazi ya kusugua fremu ya mlango wa mizigo. Kazi hii haitaki pupa. Unachukua msasa laini wa maji, unaulowesha, unasugua kiduara kama sarafu, kisha unakipanua polepole. Rangi zinajitokeza moja nje ya nyingine kama miduara ya kisiki: kijani cha juu, nyeupe, mstari mwembamba wa bluu, rangi ya fedha, na chini kabisa ile ya manjano inayokaribia kijani ambayo kiwanda kilipaka kuzuia chuma kisiliwe. Chini ya hiyo ya mwisho kidole changu kikagusa mikwaruzo. Nikaleta tochi, nikaiweka ubavu ubavu ili mwanga upite juu juu. Zilikuwa tarakimu zilizogongwa kwa nyundo, na hazikuwa na undugu wowote na namba ya ubavuni.

Nikamwita mzee mmoja wa pale. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia bila hata kushtuka kwamba namba ya nje ilipakwa na mwenye ndege wa zamani, aliyetaka ifanane na ndege ya Bama. Banda zima lilijua hilo. Mimi ndiye sikuuliza.

Rangi ni nguo, na ndege hizi zimebadilishwa nguo mara nyingi, na jeshi, na mashirika ya mizigo, na watengeneza filamu. Hata bamba la utambulisho usilipe imani yote, kwa sababu ni kipande kidogo kinachong'olewa kwa bisibisi, na kuna watu wanaoyauza. Anza na namba zilizogongwa kwenye mwili wenyewe. Kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, kwa mfano, namba za vipuri huanza na namba ya aina ya mchoro (Mk maana yake ni toleo): 300 ni ya Mk I, 349 ni ya Mk V, 361 ni ya Mk IX. Ukiona kipande cha 349 kwenye ndege inayoitwa Mk I, kuna maswali ya kuuliza. Tazama na mistari ya ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha mabati. Ya kiwandani imenyooka na nafasi zake ni sawa; mahali ilipoyumba, fundi fulani aliziba tundu, pengine usiku, pengine kwenye mvua. Mimi napenda kuliko yote viraka hivyo, na huwa naomba visibadilishwe kama si lazima.

Ukishapata namba, ndipo uende kwenye makaratasi. Namba yangu ilinitoa jasho wiki tatu kwa sababu haikuwemo kwenye orodha niliyokuwa nayo. Kumbe Dakota nyingi zilizoundwa Oklahoma City, Marekani, zina namba mbili za kiwanda, na orodha nyingine huonyesha moja tu. Nilipoangalia safu ya pili, ikawa pale inanitazama. Namba ya kiwanda inakupa namba ya jeshi la Marekani, inayoanza na mwaka wa bajeti, tuseme 43, na kwa hiyo inakufungulia kadi yake ya kumbukumbu iliyoko kwenye filamu ndogo za hifadhi ya nyaraka ya jeshi la anga la Marekani huko Maxwell, Alabama. Ikiwa ilikabidhiwa Waingereza, unahamia kwenye kadi yao iitwayo Fomu 78, ambayo ipo kwenye Jumba la Makumbusho la RAF (jeshi la anga la Uingereza), London.

Wengi hukwama hapo. Fomu 78 inasema vizuri ndege ikiwa ndani ya Uingereza. Ikivuka bahari, kadi inanyamaza. Utaona herufi ACSEA, yaani kamandi ya anga ya Kusini-Mashariki mwa Asia, kisha tarehe ya kufutwa, basi. Yaliyo katikati utayapata kwa kurudi nyuma: kachukue vitabu vya kila siku vya vikosi vilivyorusha Dakota huko, kama cha 31, 62, 117 na 194, vilivyopo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, huko Kew, London, kwenye fungu la AIR 27, na usome Fomu 541, inayoandika safari moja moja, mstari kwa mstari ukiisaka namba yako. Vingi vimeshapigwa picha, kwa hiyo hata aliyeko Songea au Machakos anaweza kuvisoma kwenye simu. Macho yatauma, mwandiko mwingine ni wa kuroga.

Kadi ya ndege yetu haikuwa na ACSEA. Haikufika Bama hata siku moja.

Kuna wanaosema haidhuru, ndege ni ndege. Sikubaliani nao, ila najua mpaka wenyewe hauko wazi. Ile Spitfire P9374 ilianguka ufukweni Calais tarehe 24 Mei 1940, mchanga ukaimeza, ikaibuka 1980, na mwaka 2011 ikaruka tena kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza. Baada ya miaka 40 ya maji ya chumvi, hebu fikiria ni bati kiasi gani lililofaa kurudi hewani. Mwaka 2015 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3. Kwangu mimi bado ni P9374, kwa sababu waliohusika wanasema waziwazi kipi cha zamani na kipi kipya. Kinachoniudhi ni kunyamaza.

Kuhusu mikono yako, mambo machache ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Usisugue aluminiamu kwa steeliwaya ya kusugulia sufuria. Vichembe vyake vya chuma hubaki ndani ya bati na kuanza kulila. Usiing'arishe ovyo pia, maana juu ya bati la ndege kuna ngozi nyembamba ya aluminiamu safi inayolilinda, na ukiimaliza umeimaliza. Ile rangi ya manjano niliyoitaja ni sumu, kwa hiyo sugua na maji na uvae barakoa. Na saa za zamani zinazong'aa gizani usizifungue kabisa. Nyingi zilipakwa rediamu, na hata kama mng'ao umezimika, mionzi bado ipo. Mwenzetu mmoja alikaa na moja mezani miaka mingi akiifanya ya kuzuia karatasi zisipeperuke.

Kumpigia baba mdogo mara ya pili kulinichukua mwezi. Nilimweleza yote, kadi, namba mbili, rangi. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa mwanangu, umetuvika kilemba cha ukoka." Nilistahili. Ule ubao nikauandika upya, na sentensi yake ya kwanza inasema ndege hii haikwenda Bama. Wageni husimama hapo zaidi ya nilivyotarajia.

Vitabu vya Kew sikuviacha, ila sasa sitafuti ndege tena, natafuta siku. Divisheni ya akina babu iliingia Kalemyo katikati ya Novemba 1944 na Kalewa mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo nasoma miezi ya kabla ya hapo. Kuna kurasa ambazo marubani wameandika kwamba mawingu yalifunika bonde na wamerudi na mzigo. Juzi nilimsomea baba mdogo ukurasa mmoja, nikimtafsiria kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama rubani ameandika popote kuhusu gunia la chumvi.

Nikamwambia bado niko Septemba.