Re: Kutundika michoro maktaba ya umma Jinja

Pole na mizunguko ya kuomba kuonyesha kazi zako maktabani, ndugu. Mkutubi kukwambia "andika barua" si kukukataa. Maktaba za umma Uganda ziko chini ya serikali za mitaa, kwa hiyo barua iende kwa karani wa jiji, mkutubi apate nakala. Epuka Oktoba na Novemba. Watahiniwa hujaa humo na hawataki kelele za wageni wako.

Kuta usizitoboe, omba vibao vya kusimamisha. Rangi za maji ziwe mbali na dirisha, jua huzipausha. Vile vitambaa vya magome ya mti wa mutuba usivipige pini, vitachanika: shona pindo juu, pitisha kijiti, ndipo utundike.

Kabla ya kubandika bei, uliza kama kuuza kunaruhusiwa. Na nani atalipa kazi ikiibiwa? Jibu liwe kwenye maandishi. Wakikuletea mkataba, wakili ausome kwanza.