Muulize Mwalimu: Mke wa Livingstone alikuwa wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo habari za Ujiji, pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, nikadhani ni kastori ka kujazia ukurasa tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika na karibu zote hazina shida na Stanley, zinauliza familia, mke, watoto, nani alikuwa analisha nani. Basi leo ukurasa wote ni wao. Meseji zinazofanana nimeziunganisha, msininunie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi Livingstone nimemsoma tangu shule ya msingi mpaka fom two ila sijawahi kusikia kama alikuwa na mke. Alikuwa padri? Na kama mke alikuwepo, alikuwa wapi miaka yote hiyo mzee anatembea? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Hakuwa padri, alikuwa Mprotestanti, daktari, ametumwa na London Missionary Society, na hao wanaoa kama kawaida. Mke alikuwepo, anaitwa Mary Moffat, na walizaa watoto sita. Hapa ndo utamu ulipo sasa, maana mwenyeji wa Afrika kati ya hao wawili alikuwa mke. Mary kazaliwa 1821 Griquatown, Afrika Kusini ya leo, wazazi wake walikuwa wamisionari kituo cha Kuruman na baba yake, Robert Moffat, ndo yule aliyetafsiri Biblia kwa Kitswana. Mtoto kakua anaongea Kitswana. David kaja 1841 mgeni kabisa, 1844 akararuliwa na simba huko Mabotsa, mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjika, akaenda kujiuguza Kuruman, na si unajua tena mgonjwa na binti wa mwenye nyumba. Januari 1845 wakafunga ndoa.

Walipompata wa kwanza, Robert, Watswana wakaanza kumwita Ma-Robert, yaani Mama Robert, kama tunavyoitana huku. Baadaye ile boti ya mvuke ya msafara wa Zambezi ikapewa jina hilohilo, na wasomaji wa Ulaya wakawa wanalisoma hawajui kwamba ni jina la mama mtu. Boti yenyewe ilikuwa kimeo, inavuja, inakohoa, kuni inakula kama haina akili nzuri. Sijui kama mama mwenyewe alifurahia heshima hiyo.

Alikuwa wapi? Miaka saba ya kwanza alikuwa naye bega kwa bega, wamehama vituo vitatu, Mabotsa, Chonuane, mwisho Kolobeng ambayo sasa iko Botswana. Mume anajenga na kufua chuma, mke anafundisha shule ya watoto, anatengeneza mishumaa na sabuni mwenyewe, sabuni ya majivu ya mimea. Mkate wakiwa njiani walikuwa wanaokea kwenye kichuguu: unachimba shimo ubavuni mwa kichuguu, unawasha moto humo ndani mpaka udongo uive, unatoa makaa, unatia donge la unga, unaziba mlango na jiwe la bapa. Jaribuni mkiwa shamba mnipe majibu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Ni kweli aliwapitisha watoto jangwani? Mi mume wangu anahamishwahamishwa kikazi, kuwatafutia watoto shule mpya tu mwezi mzima silali, nikasema ngoja niulize wenzetu walifanyaje. – Mama wa wawili, Dodoma

JIBU: Pole mwanangu. Ni kweli, tena mara mbili, na zote mbili mama mjamzito.

Mara ya kwanza ni 1850. Mwaka mmoja kabla, David na wenzake walikuwa wameshavuka Kalahari na kufika Ziwa Ngami, sasa akataka kusogea mbele kwa mtemi Sebitwane wa Wakololo, akapakia familia kwenye gari la maksai. Walifika ziwani na watoto wakachezea maji kweli, ila homa ikaingia msafarani, ikabidi kugeuza. Walivyorudi Kolobeng Mary akajifungua binti, Elizabeth, aliishi wiki 6 hivi akafa. Mama naye akabaki na uso umepooza upande mmoja kwa muda.

Ungedhani wangepumzika. 1851 wakaondoka tena, mama mjamzito tena, Robert ana miaka 5 na mdogo wa kiume 2. Safari hii kiongozi wa njia akawapoteza jangwani afu akayeyuka. Maji kwenye gari yakabaki ya kuwanywesha watoto asubuhi tu, kadiri yanavyopungua ndo wanavyozidi kulia kiu, na watu waliotumwa kutafuta maji hawaonekani. Livingstone mwenyewe ndo aliyeandika kwamba mama yao hakumtupia hata neno moja la lawama, ila machozi yalikuwa yanamlenga. Siku ya tano jioni wale watu wakarudi na maji. Wakavuka hilo, mbele wakakuta mbu, usiku mmoja tu na miili ya watoto haikuwa na pa kuweka kidole pasipoumwa. Septemba hiyo mama akajifungulia njiani, kando ya mto Zouga, mtoto wa kiume, Oswell, wakawa wanamtania kwa jina la mto.

Niseme kitu hapa maana kinaniuma. Mi baba yangu alikuwa mwinjilisti, tumehamishwa vituo mara nne nikiwa mdogo, na kwenye kila mahubiri ya kumuaga watu walikuwa wanamsifu baba kwa kukubali kuhama. Masufuria yalikuwa yanafungwa na mama. Kuku wa mama ndo wanauzwa bei ya kutupa maana lori halichukui kuku. Sikumbuki mtu kusimama na kumtaja. Kwa hiyo nikisoma hizo safari za Kalahari macho yangu yanakwenda nyuma ya gari moja kwa moja, kwa yule anayegawa maji kwa kikombe.

SWALI: Mwalimu, naona unaanza kumchafua mtumishi wa Mungu. Yule aliacha vyote kwa ajili ya Injili. Nyie wa siku hizi mnataka mtu ahubiri huku amekaa sebuleni. – Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu yangu sijamchafua, na kazi yake ya kupiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa naiheshimu sana. Ila lawama hii aliitoa mama mkwe wake kabla yangu, na yule mama alikuwa mmisionari aliyekaa Kuruman karibu miaka 50, sio mtu wa sebuleni. Aliposikia binti yake anabebwa tena na mimba akaandika barua ya moto. Kwa maneno yangu mi: kwani haitoshi mmeshamzika mtoto mmoja, kama ungekuwa umepata mahali pa kuhamia ukahubiri ningeelewa, ila kuzunguka na mke mjamzito kwenye msafara wa kupeleleza nchi, huo ni utovu wa adabu. Livingstone akainakili barua yote kwenye daftari lake. Akasafiri hivyohivyo.

Baada ya hiyo safari naye akaona haiwezekani tena. Aprili 1852 akawapandisha meli Cape Town, Mary na watoto wanne, waende Uingereza. Akabaki. Mwaka huohuo Makaburu wakavamia Kolobeng wakavunja nyumba na kuchana vitabu, kwa hiyo hata angetaka kuwarudisha hapakuwa na nyumba. Yeye akatembea mpaka Luanda kwenye bahari ya magharibi, akageuza mpaka Quelimane mashariki, katikati akayaona yale maporomoko akayapa jina la Malkia Victoria. Miaka minne na nusu. Mary huko hakuelewana na wakwe, akawa anahama chumba hiki chumba kile, hela ya kubahatisha, na Uingereza kwake ilikuwa ugenini jamani, alikuwa ameishi kule miaka michache tu kabla ya ndoa.

SWALI: Mary alifariki wapi? Nimesikia kaburi liko Msumbiji, huku kwetu tukivuka Ruvuma tu. – Msomaji, Mtwara

JIBU: Msumbiji ndio, ila sio jirani yako, ni mbali kusini, Shupanga, kando ya Zambezi. 1858 alikuwa anakwenda na mumewe kwenye msafara wa Zambezi, njiani ikagundulika ana mimba, akashushwa Cape akaenda kwa wazazi Kuruman akamzaa Anna Mary. Baba alikuja kujua ana binti mpya baada ya kama mwaka mzima, na kumwona kwa macho ni 1864 mtoto ameshafika miaka 5.

Mary akarudi Scotland, akawaacha watoto kwa watu, mapema 1862 akamfuata mumewe Zambezi. Waliosafiri naye waliandika kwamba alikuwa mnywaji na imani imemyumba, na wengine wamelikazania hilo kuliko mengine yote, mi nalipita, mtu aliyebebeshwa hayo sitamhesabia chupa. Aliishi miezi mitatu tu. Homa ya malaria ikamshika, dawa zenye kwinini walizokuwa nazo hazikusaidia kitu, 27 Aprili 1862 akafa, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani alijiona yuko tayari kufa.

Na kuna kitu wengi hawakiunganishi: Abdullah Susi, yule aliyekuja kuubeba mwili wa Livingstone pamoja na mwenzake aitwaye Chuma, alianzia kazi palepale Shupanga, kukata kuni za meli.

SWALI: Mwalimu salaam. Huku Nyali tuna kaburi la mke wa mmisionari Krapf. Naye si vilevile? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Vilevile, tena ya kwenu iliisha haraka zaidi. Rosine alifika Mombasa na mumewe mwezi wa tano 1844, mwezi wa saba akawa amekufa, na kichanga chake siku chache baadaye. Kabla ya hapo walishamzika mtoto mwingine kwenye safari ya Uhabeshi. Rosine mwenyewe ndo aliomba azikwe bara na sio kisiwani, wapita njia wakiona kaburi waulize ni la nani na alifuata nini. Kwa hiyo ndugu yangu wewe kuniuliza leo ni vile alivyotaka.

SWALI: Kuna mtu kanisani kwetu alisema mtoto wa Livingstone amezikwa huku Marekani. Nikajua ananidanganya. – Msomaji, Houston

JIBU: Hajakudanganya. Ni Robert, yule wa kwanza, aliyempa mama jina. Alitumwa Afrika Kusini 1863 amfuate baba, akakwama Natal, hela hana, njia ya kwenda Zambezi hana, mwisho akajikuta Marekani kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kaskazini, kwa jina la Rupert Vincent. Alimwandikia baba kwamba amebadili jina asizidi kulitia aibu jina la familia, na kwamba vitani alikuwa anapiga risasi juu makusudi asimuumize mtu. Akatekwa, akafia kambi ya wafungwa Salisbury, North Carolina, Desemba 1864. Miaka 18. Mzazi mwenye kijana aliyekosana naye asome barua hiyo akiwa peke yake.

SWALI: La mwisho mwalimu, je kuna mtoto wake yeyote aliyewahi kufika kwetu? – Wasomaji kadhaa, Bagamoyo na Dar

JIBU: Yupo. Ni yule Oswell, aliyezaliwa kando ya Zouga. 1872 Ulaya haikuwa na habari za baba yake, likaundwa kundi la kumtafuta, na kijana wa miaka 20 akajiunga. Wakafika Zanzibar, wakavuka Bagamoyo kujiandaa kuingia bara. Mwezi wa tano, kabla hawajaondoka, nani anatokea porini? Stanley, na barua za mzee mkononi, anasema yuko hai, nimemwacha Unyanyembe, huko Tabora, anasubiri nimtumie wapagazi na vitu.

Kundi likavunjika, maana kazi ya kutafuta imeisha. Oswell angeweza kuendelea mwenyewe na hao wapagazi, mwanzoni alitaka kabisa, afu akaghairi akapanda meli akarudi. Watu wamemlaumu na baba yake aliumia. Mi simlaumu, kijana alikuwa amekaa na baba yake vipande vipande, hapa mwaka pale mwaka. Wapagazi wakaenda bila yeye, wakafika Agosti.

Mzee alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakazika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kwa miezi. Februari 1874 wakafika nao Bagamoyo, ufukwe uleule Oswell alioishia.