Familia imara: anayebaki nyumbani na wazazi ashukuriwe mbele ya watu

Mkuu, umeuliza kwa nini ndugu wengine wanashikamana mpaka uzeeni na wengine wanatawanyika wazazi wakiwa bado hai. Nakujibu kwa ninayoyaona kwetu Kibosho, Moshi.

Desemba Wachagga tunapanda mlimani, hilo linajulikana. Mabasi ya Dar yanajaa, na tangu treni ya abiria irudi mwaka 2019 wengine wanakuja nayo. Ila kukutana kula ndafu na mtori peke yake hakutoshi. Zipo familia zinakusanyika kila Krismasi na zinashuka zimenuniana.

Kwetu Krismasi ikipita tunakaa kikao. Daftari linasomwa: nani kachangia dawa za mama, nani ada ya mtoto wa marehemu kaka, bati za banda la ng'ombe zimegharimu kiasi gani. Wake na waume wa ndugu nao wanakaa wasikie. Hela isiposemwa sebuleni itasemwa jikoni, na hapo ndipo chuki inapoanzia.

Kubwa zaidi kwangu ni mdogo wetu wa mwisho. Kwa mila zetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na wakubwa wengi wanamwona kapewa cha bure. Hebu kakae naye wiki moja. Alfajiri anakata majani ya ng'ombe, kliniki ya presha anampeleka mama yeye, usiku mama akiita anaamka yeye. Sisi wa mjini tunatuma hela kwa simu basi, tunaona tumemaliza. Ndiyo maana kaka mkubwa hufungua kikao kwa kumshukuru yeye na mkewe, daftari halijaguswa. Wifi hasa, maana ndiye anayemwogesha mkwewe.

Watafiti wa Marekani Nick Stinnett na John DeFrain, waliochunguza familia imara kwa miaka mingi, wanataja sifa sita: kujitoa kwa familia, kuthaminiana, mazungumzo mazuri, muda wa pamoja, uhai wa kiroho na kuhimili misukosuko. Sala tunazo, na michango ya shida hatujambo. Kuthaminiana ndiko wengi wetu tunakokuruka.

Miezi mingine kinachotuunganisha ni simu ya Jumapili jioni. Nikimaliza na mama naomba wifi. Simwagizi kitu wala simuulizi hela imefika. Namuuliza kalalaje, watoto wanaendeleaje, kahawa imeanza kuiva? Akitaka kulalamika, namwacha aseme mpaka amalize.