Ngozi inaniwasha, kwa nini nipelekwe kwa mwanasaikolojia?

SWALI: Habari za kazi. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti ngozi imekuwa ngumu kwa kujikuna, usiku ndo balaa, naamka nakuta damu kwenye shuka. Krimu napaka ila juzi daktari kaniambia nikaonane na mwanasaikolojia pia. Ina maana anaona huu muwasho najitungia, au nishakuwa chizi?

JIBU: Pole sana dada, na hapana, hujitungii chochote. Muwasho wako ni wa kweli kabisa. Shida ni kwamba ukijikuna unapata nafuu kidogo, halafu ngozi inachubuka, inawasha zaidi, unajikuna tena, na ikienda hivyo miaka mkono unazoea mpaka unajikuna hata pasipowasha, uko kwenye simu, unavua nguo, umekasirishwa, wala huna habari. Krimu inatibu ngozi ila mkono haiwezi kuushika.

Hapo ndo anaingia mwanasaikolojia. Kuna njia ya kubadili tabia ambayo wanasaikolojia Azrin na Nunn wa Marekani waliitoa mwaka 1973 kwa ajili ya mambo kama kung'ata kucha, baadae watafiti wa Sweden wakaitumia kwa wenye pumu ya ngozi. Mwanzoni hukatazwi kujikuna, unahesabu tu kila mkono unapoenda, ili uanze kuushtukia. Kisha mkono ukitaka kwenda unakunja ngumi kwa nguvu kama nusu dakika, na kama bado panawasha unabonyeza ukucha pale pale bila kuuburuta. Inaonekana ya kitoto, tafadhali usiidharau.

Wengine wanafundishwa kutulia na muwasho bila kuukimbilia mpaka upungue wenyewe. Huko huko Sweden tiba ya namna hiyo ilijaribiwa kwa intaneti kwa wiki 12, na walioifuata muwasho wao ulipungua kuliko waliopewa maelekezo ya kawaida tu.

Krimu usiache hata kidogo, krimu na hizi mbinu zinakwenda pamoja. Kucha kata fupi, na huo usingizi unaokatika mwambie daktari wazi wazi. Halafu nyumbani waombe waache kukufokea "acha kujikuna!", maana kufokewa kunakupa stresi na stresi ndo inazidi kuamsha muwasho, bora wakuguse bega taratibu wakiona mkono umeanza.