Damu huja mwisho: mwili unavyozoea kuishi mahali pa juu

SWALI: Shikamoo daktari. Maisha yangu yote nimeishi pwani, na sasa nimepata kazi kwenye mgodi ulio mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Rafiki yangu mmoja ananiambia nisihofu, mwili hutengeneza damu nyingi na ndani ya wiki moja mtu anazoea. Mwingine ananishauri nimeze vidonge vya madini ya chuma mwezi mzima kabla ya kwenda, ili nifike na damu ya kutosha. Mwili unazoea vipi hasa? Na nikikaa huko miaka mingi, nitakuwa kama wenyeji?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kazi. Rafiki zako wote wawili wamegusa jambo la kweli, ila wameanzia mwisho. Damu mpya ndiyo inayochelewa kuliko vyote. Kitakachokubeba wiki ya kwanza ni pumzi zako na figo zako, na ukilielewa hilo utajua pia kwa nini haifai kupanda kwa haraka.

Watu wengi hudhani huko juu hewa ina mgawo mdogo wa oksijeni. Sivyo. Mgawo ni ule ule, karibu asilimia 21, ufukweni na hata kwenye kilele cha Everest. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Mita 5,500 linabaki kama nusu ya lile la pwani, na hapo utakapokuwa wewe litakuwa chini kidogo ya theluthi mbili. Mapafu hayana pampu ya kuingiza oksijeni kwenye damu. Inaingia kwa kusukumwa na shinikizo lake lenyewe. Msukumo ukipungua, kila pumzi inafikisha kidogo.

Wa kwanza kugundua ni kiungo ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Shingoni, kila upande, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kuelekea kichwani, kuna kijinyama cha ukubwa wa punje ya mchele. Kazi yake ni kupima damu inayopita. Kikikuta oksijeni imeshuka, kinatoa amri: pumua zaidi. Wakati huo huo moyo nao unaongeza mapigo. Haya yanatokea ndani ya dakika, hata kabla hujatua mizigo.

Lakini kupumua sana kuna gharama yake. Kila unapotoa hewa unatoa kabonidioksidi, na ikipungua mno damu inapoteza tindikali yake na kuelemea upande wa alkali. Ubongo hauipendi hali hiyo, nao unatoa amri ya kinyume: punguza pumzi. Basi kwa siku kadhaa utakuwa na amri mbili zinazovutana, na usiku ndipo utakapoona. Mtazame mgeni wa mahali pa juu akiwa amelala: anavuta pumzi, inayofuata ni kubwa zaidi, kisha zinaanza kufifia, mara kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, pengine unafika kumi, ndipo anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Mara nyingi anashtuka na kuamka akidhani anakufa. Nakuambia mapema ili likikupata usitaharuki. Hilo peke yake ni jambo la kawaida kwa wageni.

Anayeamua ugomvi huu ni figo. Zinaanza kutoa bikaboneti, yaani chumvi ya upande wa alkali, kwenye mkojo, damu inarudi polepole karibu na hali yake ya kawaida, na ubongo unaacha kukuzuia kupumua. Kazi hii inachukua siku, si saa. Ndiyo maana siku za mwanzo utakwenda haja ndogo mara nyingi, na kwa kawaida hiyo ni dalili njema. Dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo madaktari huwapa wanaolazimika kupanda haraka, inafanya jambo hilo hilo: inazihimiza figo zimwage bikaboneti. Ukiandikiwa, mwambie daktari wako kama una mzio wa dawa za salfa.

Sasa tuje kwenye damu. Mwaka 1890 mtafiti Mfaransa, François-Gilbert Viault, aliripoti kwamba alipopanda Morococha, milimani Peru, chembe nyekundu katika damu yake ziliongezeka sana ndani ya wiki chache. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na wazo la "damu nyingi" limedumu tangu hapo. Ila sehemu ya ongezeko la siku za mwanzo si chembe mpya hata kidogo. Chukua bakuli la maji lenye punje, kisha mwaga maji kiasi: kila kijiko utakachochota sasa kina punje nyingi zaidi, ingawa hukuongeza hata moja. Mwili unafanya hivyo hivyo. Unapunguza maji ya damu, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20, na kipimo cha himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kinapanda. Mtu anayejipima siku ya nne anashangilia damu mpya ambayo bado haijazaliwa.

Chembe mpya kweli zinakuja, kwa njia yake. Seli zetu zina kipimo cha ndani cha oksijeni. Waliofichua jinsi kinavyofanya kazi, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Oksijeni ikishuka, figo zinatoa homoni ya erithropoietini ndani ya saa chache, nayo inauamsha uboho wa mifupa. Lakini uboho haukimbii. Kutoka amri hadi chembe iliyokomaa ni siku kadhaa, na ongezeko la maana linahitaji wiki, hata miezi.

Kuhusu vidonge vya chuma: chuma ndiyo malighafi ya himoglobini, wala si amri ya kuitengeneza. Kama akiba yako imejaa, kumeza zaidi ukiwa pwani hakutakuongezea chembe, kwa sababu kinachouamsha uboho ni uhaba wa oksijeni. Kama akiba yako ni ndogo, hapo rafiki yako ana hoja, maana uboho utaitwa kazini ukute ghala tupu. Nenda ukapimwe himoglobini na feritini, inayoonyesha akiba yako ya chuma, wiki kadhaa kabla ya safari, kisha ufuate majibu. Na ukiwa hapo maabara, omba kipimo cha selimundu kama hujawahi kupima. Mwenye ugonjwa wa selimundu hatakiwi kwenda kuishi kimo hicho. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida anaishi bila tabu, lakini mahali pa juu wapo ambao wengu lao hukosa damu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yasichukuliwe kuwa tumbo la kawaida.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu hata wenyeji wa mahali pa juu hawafanani. Wenyeji wa milima ya Andes hubeba himoglobini nyingi. Watibeti wa kimo hicho hicho wana himoglobini isiyopishana sana na ya watu wa tambarare. Wao hupumua kwa wingi zaidi, na damu yao inapita kwa kasi kwenye mishipa iliyotanuka. Sehemu ya siri yao imo katika jeni iitwayo EPAS1, na toleo lao la jeni hiyo limetoka kwa Wadenisova, jamii ya wanadamu wa kale iliyokwisha kutoweka. Kwa hiyo, la, hutakuwa kama wao. Yao yamejengwa na vizazi vingi. Wewe utazoea ulivyo, na unaweza kuishi na kufanya kazi vizuri, ingawa ukikimbia hutafikia kasi yako ya pwani.

Tena usitamani damu nyingi kupita kiasi. Damu nzito inapita kwa shida. Carlos Monge, daktari wa Peru, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1920 ugonjwa wa wakazi wa muda mrefu ambao damu yao imezidi: kichwa kinauma, masikio yanavuma, midomo inakuwa ya zambarau, usingizi unakimbia. Himoglobini ya gramu 21 au zaidi kwa desilita kwa mwanamume, au 19 kwa mwanamke, ni ya kumpelekea daktari.

Katika kupanda kwenyewe, waombe waajiri wako ulale usiku mbili au tatu mahali pa kati, kama mita 2,500, kisha upande kidogo kidogo. Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku mbili za kwanza usibebe mizigo mizito, na pombe iache. Kuumwa kichwa kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, mradi husongi juu zaidi mpaka vipoe. Lakini ukihema hata umekaa kitako, ukikohoa mapovu, au ukishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, mapafu au ubongo umeanza kujaa maji. Hapo hungoji asubuhi. Unashushwa usiku huo huo, na kama oksijeni ipo unapewa njiani.

Na ukirudi kutoka likizo ya wiki mbili au tatu pwani, jihesabu mgeni tena. Kuna watu waliokaa juu kwa miaka ambao mapafu yao yalijaa maji siku chache tu baada ya kurudi, kwa kudhani mwili haujasahau.